Rekodi za Tenisi Kutoka Mkiani mwa Orodha

Karibu kila Jumatatu ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, hutoa orodha ya ubora yenye majina yapatayo 2,000. Watangazaji husoma kumi ya kwanza, wakiwa na muda hufika ishirini, kisha hugeukia soka. Waliobaki nao ni watu wa raketi: wanafanya mazoezi asubuhi na jioni, wanamlipa kocha wakiweza, wanaburuta mabegi kutoka uwanja wa ndege mmoja hadi mwingine, na nauli wanajilipia wenyewe. Vitabu vya kumbukumbu vimejaa akina Federer, Nadal, Djokovic na Serena Williams, na hiyo ni haki yao. Ila rekodi za ajabu zaidi, kwa maoni yangu, ziko kwa watu wa nafasi ya 148, ya 190, ya 772. Na ukizifuatilia utakuta karibu kila moja ilikuja na bili yake.

Safari iliyoanzia bafuni

Marco Trungelliti wa Argentina alikuwa wa 190 hivi duniani alipoingia kwenye mchujo wa French Open ya 2018. Mchujo ni mashindano ya kabla ya mashindano: mechi tatu, na anayeshinda zote ndiye anayeingia kwenye droo ya watu 128. Trungelliti alishinda mbili, akatolewa kwenye ya tatu na Hubert Hurkacz wa Poland. Aliyetolewa hapo hubaki na tumaini moja tu, kwamba mmoja wa walioko ndani ataumia na nafasi ipewe mtu aliyeishia mlangoni. Lakini ili upewe lazima uwepo, ujiandikishe siku yenyewe, na kukaa Paris kusubiri ajali ya mwenzako ni kulipa hoteli. Waliokuwa mbele yake kwenye foleni walikuwa wengi. Akaondoka zake, akarudi Barcelona alikokuwa akiishi, ambako bibi yake wa miaka 88 alikuwa amekuja kumtembelea.

Jumapili ya Mei 27 hesabu zikageuka. Mwaka ule kulikuwa na kanuni mpya: mwenye jeraha akijitoa kabla ya mechi yake ya kwanza alibaki na nusu ya zawadi ya raundi hiyo, ili asiingie uwanjani kuchechemea gemu tatu kwa ajili ya pesa. Majeruhi wakajitoa mmoja baada ya mwingine, mpaka ikafika zamu ya Nick Kyrgios wa Australia na kiwiko chake. Mhindi Prajnesh Gunneswaran, aliyekuwa mbele ya Trungelliti kwenye foleni, alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye mashindano madogo huko Vicenza, Italia. Zamu ikamwangukia Mwargentina.

Bibi alikuwa anaoga. Mjukuu akamwambia atoke, wanakwenda Paris. Treni za Ufaransa zilikuwa kwenye msimu wa migomo, ndege hazikuaminika, basi wakajipakia kwenye gari la kukodi: Trungelliti, bibi Dafne, mama na ndugu yake wa kiume. Zaidi ya kilomita 1,000. Waliingia Paris saa sita kasoro dakika kumi usiku. Saa tano asubuhi alikuwa kwenye udongo mwekundu wa Roland Garros, viwanja vya French Open, mbele ya Bernard Tomic wa Australia, akamfunga 6-4, 5-7, 6-4, 6-4. Kwa raundi ya pili zawadi ya mwaka ule ilikuwa yuro 79,000, fedha ambazo mtu wa nafasi ya 190 angeweza kuzunguka mwaka mzima asizione. Huko alitolewa na Marco Cecchinato, ambaye naye aliendelea hadi nusu fainali. Waandishi wa habari, kusema kweli, walimtafuta bibi kuliko mjukuu.

Mtu huyu ana jambo jingine ambalo halimo kwenye jedwali lolote. Alipofuatwa na wapanga matokeo, alitoa taarifa kwa kitengo cha maadili cha tenisi, na ushahidi wake ukachangia kuadhibiwa kwa wachezaji wenzake wa Argentina. Nyumbani baadhi yao walimgeuzia kisogo, wakamwita msaliti. Aliendelea kucheza, na mwaka 2024 akatua karibu na kwetu: Rwanda ilipoandaa mashindano ya Challenger, ngazi ya pili ya tenisi ya wanaume, kwa mara ya kwanza, wiki mbili mfululizo Kigali, Trungelliti alifika fainali zote mbili. Ya kwanza alifungwa na Kamil Majchrzak wa Poland, ya pili akabeba kombe. Alikuwa na miaka 34.

Saa 11 na dakika 5

Hii kila mtu ameisikia: John Isner wa Marekani dhidi ya Nicolas Mahut wa Ufaransa, Wimbledon 2010, uwanja namba 18, siku tatu, seti ya tano 70-68. Hakuna mechi ndefu zaidi, na kwa kuwa tangu 2022 mashindano yote manne makubwa, yaani Grand Slam, humaliza seti ya mwisho kwa taibreki ya pointi 10, haitapatikana nyingine. Jambo linalosahaulika ni kwamba Mahut alikuwa mtu wa mchujo, wa 148 duniani. Alikuwa tayari ameshacheza mechi tatu kabla ya kukanyaga droo kuu, na katika mojawapo alimtoa Mwingereza Alex Bogdanovic kwa 24-22 kwenye seti ya tatu. Wengine wangesema wamechoka vya kutosha wiki ile.

Kwenye seti ya tano Isner ndiye aliyetangulia kuanzisha mpira, kwa hiyo Mahut alikuwa nyuma kwa gemu moja kila mara. Mara 64 aliingia kuanzisha akijua kwamba akipoteza gemu hiyo anarudi nyumbani, na mara 64 akaishinda. Ya 65 ndiyo iliyomshinda. Ubao wa matokeo ulikwama kwenye 47-47 kwa sababu programu yake haikuandaliwa kwenda mbele zaidi. Mwamuzi Mohamed Lahyani aliendelea kutamka hesabu kwa sauti ileile, kama karani anayesoma orodha ya wapiga kura. Seti hiyo peke yake ilichukua saa 8 na dakika 11, ndefu kuliko mechi nzima yoyote iliyowahi kuchezwa kabla yake.

Jumla ya pointi zote: 980. Mahut alishinda 502, Isner 478. Aliyeshinda pointi nyingi ndiye aliyepoteza mechi, na tenisi ni miongoni mwa michezo michache ambako hilo linawezekana bila mtu kudai kura zimeibwa. Isner naye hakufaidi. Alikuwa ameanzisha mipira 113 isiyoguswa dhidi ya Mahut, lakini raundi iliyofuata, mbele ya Thiemo de Bakker wa Uholanzi, hakupata hata mmoja, akafungwa 6-0, 6-3, 6-2. Mahut alihamishia nguvu kwenye mchezo wa wawili wawili, akashinda Wimbledon ya 2016 na Pierre-Hugues Herbert na kuwa namba moja wa dunia katika mchezo huo.

Mpira mmoja, dakika 29

Septemba 1984, Richmond, jimbo la Virginia. Vicki Nelson, wa 93 duniani, dhidi ya Jean Hepner, wa 172, wote Wamarekani, raundi ya kwanza ya mashindano madogo ambayo hakuna kamera iliyotumwa kuyarekodi. Hakuna picha za video. Zilizobaki ni kumbukumbu za waliokuwepo na daftari la mwandishi wa gazeti la mjini aliyekuwa na subira ya kuhesabu.

Wote wawili walikuwa wachezaji wa kurudisha. Hawakupiga mpira kuua. Waliupandisha juu sana, uvuke wavu kwa nafasi kubwa, utue karibu na mstari wa nyuma, wasubiri mwenzake akosee. Mwenzake hakukosea. Seti ya kwanza Nelson alishinda 6-4. Ya pili ikaenda kwenye taibreki, na taibreki hiyo peke yake ikachukua saa 1 na dakika 47. Ndani yake kukawa na pointi moja, Hepner akiwa anatafuta kuibeba seti, ambayo mpira ulivuka wavu mara 643. Dakika 29. Nelson aliishinda pointi hiyo akaanguka kwa kukakamaa misuli, na mwamuzi, ambaye kanuni zake hazikuwa zimefikiria hali kama hii, akampa onyo la kupoteza muda. Hatimaye Nelson alishinda taibreki 13-11. Jumla saa 6 na dakika 31, mechi ndefu kuliko zote kwa wanawake mpaka leo.

Watu huisimulia kama kichekesho. Mimi naona ilikuwa hesabu ya mtu wa chini: mchezaji asiye na pigo la kumaliza hutumia alichonacho, na walichokuwa nacho wawili hawa ni mapafu.

Nafasi za chini kabisa

Kwa taji la Grand Slam la wanaume, rekodi ni ya Mark Edmondson wa Australia. Alikuwa wa 212 alipoingia Australian Open ya 1976, na kabla ya hapo alikuwa akifanya vibarua vya usafi ili apate nauli ya kucheza. Nusu fainali alimtoa Ken Rosewall, fainali akamfunga John Newcombe, mabingwa wawili wa taifa lake waliokuwa wamezoea kufika huko. Hakuna mwanamume wa Australia aliyeshinda mashindano hayo ya nyumbani tangu siku hiyo, jambo ambalo mwaka ule hakuna ambaye angelifikiria.

Goran Ivanisevic wa Croatia alikuwa wa 125 aliposhinda Wimbledon ya 2001 kwa nafasi ya mwaliko, lakini huyo alikuwa amewahi kuwa wa pili duniani. Kim Clijsters wa Ubelgiji hakuwa na nafasi yoyote kwenye orodha aliposhinda US Open ya 2009. Alikuwa anarudi baada ya uzazi. Hawa orodha iliwasahau tu. Emma Raducanu ni suala jingine: wa 150, umri wa miaka 18, mechi tatu za mchujo na saba za droo kuu katika US Open ya 2021, bila kupoteza hata seti moja. Ndiye mtu wa kwanza kutoka mchujo kushinda Grand Slam, mwanamume au mwanamke. Tiketi yake ya kurudi nyumbani ilikuwa ya mwisho wa mchujo.

Nusu fainali zina watu wake pia. Vladimir Voltchkov wa Belarus, wa 237, alitoka mchujo wa Wimbledon ya 2000 hadi kukutana na Pete Sampras. Nadia Podoroska wa Argentina, wa 131, alifanya hivyo Paris mwaka 2020. Aslan Karatsev wa Urusi, wa 114, alifanya hivyo Melbourne, kwenye Australian Open, mwaka 2021 katika Grand Slam yake ya kwanza kabisa.

Lakini nikiambiwa nichague mmoja, simchagui bingwa. Namchagua Marcus Willis, Mwingereza wa nafasi ya 772. Mwanzoni mwa 2016 alikuwa anafundisha tenisi kwenye klabu ya Warwick kwa pauni 30 kwa saa, watoto na wazee, na anaishi kwa wazazi. Zawadi zake zote za mwaka ule hazikufika pauni 300, na alikuwa amejipanga kwenda Philadelphia kufanya kazi ya ukocha. Mchumba wake akamshika: jaribu kwanza. Wakati huo Uingereza ilikuwa na mchujo wa kugombea nafasi kwenye mchujo, na Willis aliingia huo kwa sababu mtu mwingine alijitoa. Akashinda mechi tatu. Akashinda tatu nyingine za mchujo wenyewe. Kisha kwenye droo kuu akamfunga Ricardas Berankis wa Lithuania, wa 54 duniani, seti tatu kavu. Mtu wa nafasi ya chini hivyo kutoka mchujo hakuwa amefika raundi ya pili ya Grand Slam tangu Jared Palmer, US Open ya 1988.

Raundi ya pili ilikuwa Roger Federer, Uwanja wa Kati. Seti ya kwanza 6-0. Mwanzoni mwa ya pili Willis alipata gemu yake ya kwanza, akainua mikono, na uwanja mzima ukasimama kama kombe limetolewa. Zilizofuata zilikuwa 6-3, 6-4, matokeo ambayo wachezaji wengi wa 50 bora wangeyachukua mbele ya Federer wa Wimbledon. Hundi ilikuwa pauni 50,000. Kwa bei ya Warwick, hayo ni masomo zaidi ya 1,600.

Wauaji wa majitu na raundi iliyofuata

Rafael Nadal alitiwa aibu Wimbledon miaka minne mfululizo, 2012 hadi 2015, na wote wanne waliomtoa walikuwa wa nafasi ya 100 kushuka chini, wakiwemo Lukas Rosol wa Jamhuri ya Czech (100) mwaka 2012, Steve Darcis wa Ubelgiji (135) mwaka 2013, na Dustin Brown wa Ujerumani (102) mwaka 2015. Mwaka huohuo wa Darcis, Sergiy Stakhovsky wa Ukraine, wa 116, alimtoa Federer aliyekuwa amefika robo fainali za Grand Slam 36 mfululizo. Australian Open ya 2017, Denis Istomin wa Uzbekistan, wa 117 na mgeni mwalikwa, alimtoa Novak Djokovic.

Na baadaye? Rosol alifungwa raundi iliyofuata. Stakhovsky alifungwa raundi iliyofuata. Brown alifungwa raundi iliyofuata. Darcis hakuingia hata uwanjani, kwa kuwa bega aliliumiza akimwangusha Nadal. Istomin peke yake ndiye aliyepita moja zaidi. Mashabiki huita hiyo bahati ya mara moja, na sikubaliani nao. Mchezaji wa 116 akicheza siku moja kwa kiwango cha kumfunga Federer ametumia nguvu zote alizokuwa nazo, na hana daktari wa misuli wa kumrudisha sawa baada ya saa 48.

Brown anastahili mstari wa ziada. Alizaliwa Ujerumani, baba Mjamaika, akaishi Jamaika kwa miaka kadhaa, na mwaka 2004 wazazi walimnunulia gari la Volkswagen lenye kitanda na jiko. Kwa miaka alizunguka nalo mashindano madogo ya Ulaya, analala humo, anapika humo, na kufunga nyuzi za raketi za wachezaji wenzake kwa malipo. Namba ya gari iliishia na 100, nafasi aliyokuwa akiifukuzia. Aliipata.

Waliopoteza

Vince Spadea wa Marekani ana rekodi asiyoitaka mtu: mechi 21 mfululizo za kufungwa kwenye mashindano ya ATP, 1999 hadi 2000. Alikuwa wa 20 bora ilipoanza. Ilikatika Wimbledon, alipomtoa Greg Rusedski mbele ya Waingereza wake kwa 9-7 kwenye seti ya tano. Miaka mitano baadaye alikuwa wa 18 duniani, nafasi yake ya juu kuliko zote.

Ngazi ya chini zaidi kuna Mwingereza aliyefungwa mechi 54 mfululizo za kimataifa, magazeti yakamwita mchezaji mbovu kuliko wote duniani. Alikwenda mahakamani. Gazeti lililopambana naye hadi hukumu ya 2010 lilishinda. Sitamtaja, maana amekwishatajwa vya kutosha.

Kupoteza kunakoniuma zaidi ni kwa Conor Niland wa Ireland, mtu ambaye nafasi yake ya juu ilikuwa 129. Wimbledon 2011, akiwa ametoka mchujo, aliongoza 4-1 kwenye seti ya tano dhidi ya Adrian Mannarino wa Ufaransa. Mshindi alikuwa anakwenda kukutana na Federer. Niland alipoteza seti hiyo. Miezi miwili baadaye alipita mchujo wa US Open na kupangiwa Djokovic, namba moja wa dunia, kwenye uwanja mkubwa. Kabla ya mechi alikula saladi yenye nyama ya nguruwe, tumbo likamchafuka, na akajitoa akiwa nyuma 6-0, 5-1. Alikuja kuandika kitabu kuhusu maisha hayo, The Racket, kilichopata tuzo ya William Hill ya kitabu bora cha michezo cha 2024. Ndiyo tuzo yake kubwa.

Waliochelewa

Victor Estrella Burgos wa Jamhuri ya Dominika aliingia 100 bora akiwa na miaka 33, wa kwanza wa taifa lake. Februari 2015, akiwa na miaka 34, alishinda mashindano ya Quito, Ecuador, na kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kupata taji lake la kwanza la ATP. Akarudi 2016 akashinda tena, na 2017 tena. Quito iko mita 2,800 juu ya usawa wa bahari na mpira huko huruka vibaya. Wageni walilalamika, yeye aliona nafasi.

Lu Yen-hsun wa Taiwan ndiye mfalme wa Challenger: mataji 29 ya mchezaji mmoja mmoja katika ngazi hiyo ya pili, zaidi ya mtu yeyote. Alikwenda Olimpiki tano. Taji la ngazi ya kwanza hakulipata hata moja.

Bili yenyewe

Shirikisho la tenisi la kimataifa, ITF, liliwahi kukaa chini na kuhesabu. Kwa mwaka 2013 lilikuta zaidi ya watu 13,000 waliocheza mashindano ya kulipwa, na karibu nusu hawakupata hata senti. Gharama za mwaka, bila kocha, zilikuwa wastani wa karibu dola 39,000 kwa mwanamume na 40,000 kwa mwanamke. Ili zawadi zilingane na gharama hizo ilibidi uwe wa 336 kwa wanaume au wa 253 kwa wanawake. Chini ya hapo unacheza kwa pesa za mzazi, mfadhili, au za kufundisha watoto Jumamosi.

Chukua mashindano ya ngazi ya chini ya wanaume, yale ya dola 15,000. Bingwa, baada ya mechi tano, hupata dola 2,160 kabla ya kodi. Anayefungwa raundi ya kwanza hupata 156. Kwa hizo amelipia ndege, hoteli, chakula na nyuzi. Mara nyingi hakuna waokota mipira, hivyo ukishinda pointi unakwenda mwenyewe pembeni kuokota. Monastir, Tunisia, kuna hoteli yenye viwanja ambako mashindano haya huchezwa karibu kila wiki ya mwaka. Wapo wanaokaa huko mwezi mzima ili kuokoa nauli. Pointi za orodha hufutika baada ya wiki 52, kwa hiyo ukiumia hupungui kidogo, unatoweka.

Tangu 2024 ATP ina mpango wa kuhakikisha kipato, ambao mwaka huo wa kwanza ulikuwa dola 300,000 kwa walio 100 bora, 150,000 kwa 101 hadi 175, na 75,000 kwa 176 hadi 250. Ni hatua kubwa. Majina mengine zaidi ya 1,700 yako nje ya mpango huo.

Upande wa kwetu

Mwanamume aliyefika juu zaidi kutoka Kenya ni Paul Wekesa, namba 100 kamili mwaka 1995, ambaye pia alibeba mataji ya wawili wawili. Tangu hapo hajatokea wa kumfikia.

Kwa wanawake rekodi za karibuni ni za Angella Okutoyi, aliyelelewa Nairobi na bibi yake baada ya mama kufariki wakati wa kujifungua yeye na pacha wake. Januari 2022 alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana, huko Melbourne. Julai mwaka huohuo alishinda Wimbledon ya wasichana, mchezo wa wawili wawili, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi: Mkenya wa kwanza kushika taji la Grand Slam la aina yoyote. Machi 2024 akaongeza dhahabu ya Michezo ya Afrika, Accra.

Fainali ile ya Wimbledon inastahili kuangaliwa upya. Matokeo yalikuwa 3-6, 6-4, na taibreki ya mwisho 11-9. Upande wa pili walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, na Mboko ni mtoto wa wazazi waliotoka Kongo. Pointi mbili zingekwenda kwingine, kombe lingekwenda kwingine. Mboko alianza mwaka 2025 akiwa nje ya 300 bora, akacheza mashindano madogo ya ITF na kushinda mechi 22 mfululizo bila kupoteza seti. Baadaye mwaka huohuo alikwenda Montreal kwa nafasi ya mwaliko, wa 85 duniani, akawatoa Coco Gauff na Elena Rybakina, kisha akamfunga Naomi Osaka kwenye fainali. Okutoyi yeye alichagua njia ya chuo: Auburn, jimbo la Alabama, ambako wachezaji wa timu ya chuo husoma na kucheza mechi za ligi ya vyuo, na likizo inapofika hurudi kwenye mashindano ya dola 15,000 kutafuta pointi.